Maumivu ya mgongo, shingo na neva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wagonjwa wengi wa mgongo hufika kwa daktari na bahasha ya picha mkononi na swali moja tu: picha inasemaje? Ukurasa huu unaanzia upande wa pili, kwenye maumivu yenyewe: yanaanzia wapi, yanashuka mpaka wapi, yanazidi ukifanya nini, na yameacha udhaifu gani. Picha ina kazi yake, nayo tutaifikia. Kwanza, mambo yasiyosubiri.

Dalili zipi zinanitaka niende hospitali leo hii?

Kubwa kuliko zote ni mkojo. Ukiwa na maumivu ya kiuno au mguu, kisha ukaona mkojo hautoki, au husikii tena kibofu kinapojaa, au haja kubwa inakutoka bila kujua, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo ganzi kwenye eneo linalogusa kiti ukikaa: kuzunguka njia ya haja kubwa, sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja. Na miguu yote miwili ikianza kulegea kwa pamoja.

Sababu yake ni hii. Ugwe mgongo, yaani kamba ya neva itokayo kwenye ubongo, huishia juu ya kiuno, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kinaendelea kitita cha neva zinazohudumia miguu, kibofu, njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi. Kitita hicho kikibanwa ghafla, kwa kawaida na diski (mto laini ulio kati ya pingili) kubwa iliyotoka, neva huanza kufa. Madaktari wengi hutumia saa 48 kama mpaka wa kufanya upasuaji, lakini huo si muda wa kusubiri. Kadiri kitita kinavyofunguliwa mapema ndivyo kibofu kinavyopata nafasi ya kurudi kazini. Watu huona aibu kutaja ganzi ya sehemu za siri, na daktari mwenye haraka naye huenda asiulize. Itaje wewe.

Nenda haraka pia kama maumivu ya mgongo yamekuja na homa, au baada ya ajali au kuanguka, au kama umewahi kuugua saratani, unapungua uzito bila sababu, unatumia steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) kwa muda mrefu, au maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui hata ukigeuka vipi. Unyayo ulioanza kuburuzika chini unapotembea nao usisubiri miadi ya mwezi ujao.

Mgongo umeundwaje?

Mtoto huzaliwa na pingili 33. Saba ni za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Nyingine 5 huungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na za mwisho, kwa kawaida 4, hufanya kifandugu. Kati ya pingili zinazocheza kuna diski 23. Kila diski ina ute mzito katikati na ukanda mgumu wa nyuzi kuuzunguka. Nyuma ya kila pingili kuna viungo vidogo viwili vinavyoruhusu mgongo kuinama na kugeuka, na pembeni kuna matundu ambayo neva hutokea. Jozi za neva ni 31. Ukiyaelewa matundu hayo, umeelewa nusu ya matatizo yote yaliyo hapa chini, maana mengi yanahusu kitu kilichoziba tundu au kuubana mfereji wa katikati.

Kiuno kinaniuma vibaya lakini daktari anasema haoni kitu. Ina maana ninajifanya?

Hapana. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wenye maumivu ya kiuno, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndio chanzo. Misuli, ligamenti (nyuzi zinazoshikanisha mifupa), viungo vidogo vya nyuma na diski vyote vina neva za maumivu, na vyote huuma kwa namna inayofanana. Picha haiwezi kusema ni kipi kinachouma leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la mwili linalowalemaza watu wengi zaidi ya hili duniani.

Kukosa jina la ugonjwa kuna upande wake mzuri: maumivu ya aina hii mara nyingi hupungua sana ndani ya wiki 6. Yanaweza kurudi, na hurudi kwa wengi, lakini kurudi si dalili kwamba mgongo unaoza.

Nimeambiwa pingili zimesagika. Mifupa yangu inaisha?

Kauli hii imewatia hofu watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mara nyingi kinachosemwa ni kwamba diski imepoteza maji na kupungua kimo, na kwamba kingo za pingili zimeota vijifupa vidogo. Mabadiliko hayo ni ya umri, na huanza mapema kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, ni asilimia 96. Diski zilizovimba kutoka kwenye mstari wake zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20. Hao wote walikuwa wakitembea, wakifanya kazi na kulala bila shida.

Kwa hiyo ripoti ikisema diski imechakaa, swali linalofuata lazima liwe: je, mahali palipochakaa panalingana na mahali panapouma, na neva ya mahali hapo ndiyo yenye hitilafu? Kama ripoti inasema diski ya tano imevimba upande wa kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, hiyo diski haihusiki, hata kama imepigiwa mstari mwekundu. Binafsi naona ripoti za picha zingeandikwa tofauti, zikitaja kwamba hali kama hiyo ni ya kawaida kwa umri wa mgonjwa. Hofu nyingi zingeisha hapo.

Diski ikitoka inaweza kurudishwa?

Haitelezi na kurudi kama droo. Kinachotokea ni kwamba ukanda wa nje umechanika na ute umesukumwa kupitia ufa, mara nyingi kuelekea nyuma na pembeni, kwenye njia ya neva. Hutokea zaidi kwa watu wa miaka 30 hadi 50, na kwa kiuno karibu kesi zote huwa kwenye diski mbili za chini kabisa, kwa sababu ndizo zinazobeba uzito na kuinama kuliko nyingine. Uhusiano kati ya diski iliyotoka na maumivu ya mguu ulielezwa wazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr. Kabla ya hapo, uvimbe huo ulidhaniwa mara nyingi kuwa ni tyuma, yaani uvimbe unaoota mwilini.

Neva haiumi kwa kubanwa tu. Ute wa diski una kemikali zinazoichokoza na kuifanya ivimbe, ndiyo maana diski ndogo inaweza kuuma sana, na maumivu yanaweza kutulia huku picha ikiwa ileile.

Habari inayowashangaza wengi: mwili huula ute uliotoka. Kinga ya mwili huuona kama kitu kigeni, hutuma seli za kuumeng'enya, na ndani ya miezi kadhaa hupungua au kutoweka. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha hali hiyo kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa wasiopasuliwa. Na kipande kikubwa kilichochomoka kabisa ndicho hupungua zaidi kuliko uvimbe mdogo ambao bado umefunikwa na ukanda wa nje. Ukubwa kwenye picha, basi, si kipimo cha ubaya.

Nitajuaje kama maumivu yanatoka kwenye neva?

Maumivu ya misuli na viungo hukaa kiunoni au shingoni, pengine yakashuka hadi makalio, na ni mazito, ya kuchosha. Maumivu ya neva husafiri. Huchoma, huunguza, hupiga kama shoti ya umeme, na huambatana na ganzi au vijisindano. Mara nyingi mguu huuma kuliko mgongo. Kukohoa, kupiga chafya au kujikaza chooni huyazidisha. Yakishuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, huitwa sayatika.

Kila neva ina eneo lake, na hapa ndipo mgonjwa anapoweza kumsaidia daktari kuliko mashine yoyote. Neva ya nne ya kiuno huuma mbele ya paja na upande wa ndani wa mguu chini ya goti; goti huweza kulegea unapopanda ngazi, na likigongwa kwa kinyundo mguu hauruki vizuri. Neva ya tano hushuka upande wa nje wa mguu hadi juu ya unyayo na kwenye kidole gumba; udhaifu wake ni kushindwa kuinua kidole hicho, au kushindwa kutembea kwa visigino. Neva ya kwanza chini ya hiyo hupita nyuma ya kigimbi hadi kisigino na kidole kidogo. Mwenye tatizo hapo hushindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja.

Kwa shingo, ramani iko mkononi. Neva ya sita hufika kidole gumba, ya saba kidole cha kati, ya nane kidole kidogo. Ya saba ikidhoofika, kusukuma mlango kwa mkono huo kunakuwa kazi.

Daktari atakulaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, neva ya kiuno inashukiwa kuvutwa au kuchokozwa. Kuvutika nyuma ya paja peke yake hakuhesabiwi. Hiyo ni misuli iliyokaza.

Kila ganzi ya miguu inatoka mgongoni?

Hapana, na kosa hili hupoteza miezi mingi. Ganzi inayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu, kwa usawa, kama mtu aliyevaa soksi, kwa kawaida ni ya neva za pembeni zenyewe. Kisukari kinaongoza. Wengine wana upungufu wa vitamini B12, unywaji pombe wa muda mrefu, au VVU. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huondoa vitamini B6 mwilini na kuharibu neva, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa B6 pamoja nayo. Vipimo vinavyohitajika hapa ni vya damu, wala si MRI (picha ya sumaku) ya kiuno.

Ganzi ya mkono inayokuamsha usiku, kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na shingo haina kosa. Kukunja miguu au kupishanisha magoti kwa muda mrefu kunaweza kubana neva inayopita pembeni ya goti na kuufanya unyayo uburuzike. Na maumivu ya kuunguza kwenye ukanda wa upande mmoja wa kifua au tumbo, yakifuatiwa siku chache baadaye na malengelenge, ni mkanda wa jeshi. Dawa ya virusi hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee.

Nikitembea kidogo miguu inakuwa mizito na kuuma, nikikaa inatulia. Nini hiki?

Kwa mtu aliyevuka miaka 60, fikiria mambo mawili: mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa, au mishipa ya damu ya miguu iliyoziba. Mfereji husinyaa polepole kwa sababu ya vijifupa, ligamenti zilizonenepa na diski zilizovimba. Ukisimama wima unabanika zaidi. Ukiinama mbele unapanuka. Ndiyo maana wenye tatizo hili hutembea wameinama wakishikilia kitoroli, hupanda mlima vizuri kuliko kuuteremka, na wanaweza kuendesha baiskeli mbali ilhali kutembea umbali mfupi kunawashinda. Kusimama tu bila kutembea nako huwaumiza.

Mwenye mishipa ya damu iliyoziba hupata nafuu akisimama tu, hana haja ya kukaa wala kuinama. Miguu yake ni baridi, na mapigo ya damu kwenye unyayo ni hafifu. Kuna wazee wenye yote mawili.

Mara nyingine mfereji husinyaa kwa sababu pingili moja imesogea mbele juu ya nyingine. Kusogea kidogo ni jambo la kawaida kwa wazee, na wengi hawahitaji zaidi ya mazoezi.

Shingo hainiumi sana, lakini vidole vimekuwa vizito na napepesuka nikitembea.

Hii usiipuuze kwa sababu haiumi. Ugwe mgongo ukibanwa shingoni, dalili za mwanzo ni kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko kubadilika, vitu kukuponyoka mkononi, miguu kukakamaa na kupoteza mizani gizani. Wakati mwingine kuinamisha kichwa huleta shoti inayoshuka mgongoni. Wengi huambiwa ni uzee. Hapa MRI ya shingo inahitajika mapema, na upasuaji hufanywa hasa ili kuzuia hali isiendelee kuharibika. Kilichopotea kwa muda mrefu si lazima kirudi.

Nina miaka 25 na mgongo hukakamaa kila asubuhi. Ni kazi nzito?

Inawezekana, lakini ukakamavu unaozidi nusu saa, unaopungua ukijishughulisha na kuongezeka ukipumzika, unaokuamsha alfajiri, na ulioanza polepole kabla ya miaka 45, ni picha ya ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya mgongo na nyonga. Jicho jekundu lenye kuuma kwa mwanga ni dalili nyingine ya ugonjwa huohuo. Eksirei inaweza kuwa safi kwa miaka. MRI ya viungo vya nyonga na kipimo cha damu cha HLA-B27 husaidia. Wagonjwa hawa huchelewa kugunduliwa kwa miaka kwa sababu ni vijana na wanaonekana wazima. Dawa zipo, na zinazuia uharibifu kwa wengi.

Mama yangu anapungua kimo na mgongo wake wa juu umeinama. Ni kibiongo cha uzee?

Apimwe uimara wa mifupa yake. Baada ya hedhi kukoma, mifupa hupungua uimara haraka, na pingili inaweza kubonyea bila hata kuanguka: kwa kuinua ndoo, au kwa kukohoa tu. Nyingi hazigunduliwi kwa sababu maumivu hudhaniwa kuwa ya misuli. Pingili moja ikibonyea, hatari ya nyingine kufuata hupanda, hivyo matibabu ni ya mifupa yote: dawa za kuimarisha mifupa, vitamini D na kalsiamu pale zinapopungua, na mazoezi ya kusimama imara.

Mgongo ulioota nundu kali mahali pamoja, hasa kwa mtoto au mtu anayetoka jasho usiku na kukonda, ni jambo jingine. Kifua kikuu hushambulia pingili, na ugonjwa huo umebeba jina la Percivall Pott, mpasuaji wa Uingereza aliyeuandika mwaka 1779. Mgonjwa huenda asikohoe kabisa. Hutibika kwa dawa za miezi kadhaa; ukicheleweshwa, hupoozesha.

Mgongo wa binti yangu umepinda pembeni.

Mkunjo wa nyuzi 10 au zaidi kwenye eksirei ndio unaoitwa skoliosisi. Wengi hawana sababu inayojulikana, na mkoba mzito wa shule haukuusababisha. Muhimu ni kiasi cha kukua kilichobaki. Mkunjo mdogo hufuatiliwa. Ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40 hivi kwa mtoto anayekua, gamba la kuvaa kiwiliwili husaidia, na utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa linavyovaliwa saa nyingi zaidi ndivyo linavyofanikiwa. Upasuaji huanza kuzungumzwa ukivuka nyuzi 45 hadi 50.

Nipige eksirei, CT skani au MRI?

Inategemea swali unalotaka lijibiwe. Eksirei, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895, huona mifupa: kuvunjika, kupinda, kusogea. Haioni diski wala neva. CT skani huona mfupa kwa undani zaidi na inafaa baada ya ajali, ila ina mionzi mingi. MRI haina mionzi ya aina hiyo, na ndiyo inayoonyesha diski, neva, ugwe mgongo, usaha na uvimbe wa saratani. Mwambie daktari kama una kifaa cha moyo au kipande cha chuma jichoni kabla ya kuingia.

Kwa maumivu mapya ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, hakuna picha inayohitajika katika wiki 6 za mwanzo. Sio ubahili. Picha ya mapema haiharakishi kupona, na mara nyingi huongeza hofu na taratibu zisizo na faida. MRI inahitajika pale kuna dalili za hatari, udhaifu unaoongezeka, au pale upasuaji au sindano inafikiriwa kwa kweli.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli husaidia kutofautisha neva iliyobanwa mgongoni na ile iliyobanwa mkononi au mguuni. Kikifanywa mapema mno hudanganya, maana mabadiliko kwenye misuli huchukua takriban wiki 3 kuonekana.

Nilale mpaka yapite?

Hapana. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha maumivu yakiwa makali mno; zaidi ya hapo misuli hudhoofika na maumivu hurefuka. Tembea kidogo kidogo, badilisha mkao, rudi kazini hata kabla maumivu hayajaisha yote.

Dawa zipi zinasaidia?

Ushahidi hapa ni wa kuvunja moyo kidogo, na ni vema kuujua. Utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014 ulionyesha parasetamoli haikuharakisha kupona kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwingine wa nchi hiyohiyo, mwaka 2023, ulionyesha dawa za jamii ya afyuni hazikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa kwa maumivu mapya ya kiuno na shingo, ilhali uraibu wake ni wa kweli. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa kiasi. Zitumie kwa siku chache, na uziogope kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wa moyo, au ni mjamzito.

Dawa za neva, yaani amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini, zina nafasi nzuri kwenye maumivu ya neva ya kisukari na yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kwa sayatika hali ni tofauti: pregabalini ilijaribiwa dhidi ya kidonge kisicho na dawa, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na haikushinda, ilileta kizunguzungu zaidi. Bado inaandikwa kwa wingi. Kama umeitumia wiki kadhaa bila nafuu, zungumza na daktari kuhusu kuipunguza hatua kwa hatua, usiikate ghafla. Vitamini B za sindano hazina kazi kwa mtu asiye na upungufu wake.

Mazoezi gani ni bora?

Yale utakayoyafanya wiki baada ya wiki. Kutembea, kuogelea, kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, kunyoosha: tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya kufanya na kutofanya. Mtaalamu wa mazoezi tiba husaidia zaidi pale anapokufundisha na kukuongezea mzigo kidogo kidogo kuliko anapokukanda tu. Maumivu kiasi wakati wa zoezi yanavumilika. Yakianza kusafiri mbali zaidi chini ya mguu, punguza au badili zoezi. Yakirudi juu kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, kwa kawaida ni ishara nzuri.

Kukandwa na kunyooshwa mgongo je?

Kwa kiuno, hutuliza wengine kwa muda. Usikubali shingo yako ipindwe kwa nguvu ya ghafla, na usikubali mtu yeyote akukanyage au kukuvuta kama hujajua kama una mifupa dhaifu, kifua kikuu au saratani ya mgongo.

Sindano ya mgongoni inaponya?

Sindano ya steroidi karibu na neva inaweza kupunguza maumivu ya mguu kwa wiki chache hadi miezi. Haiondoi diski iliyotoka, na haisaidii sana maumivu ya kiuno pekee. Ninaiona kama njia ya kununua muda ili mtu alale, atembee na kuanza mazoezi wakati mwili unaendelea na kazi yake. Anayeambiwa apigwe kila mwezi bila mpango mwingine aombe maoni ya daktari wa pili.

Upasuaji unahitajika lini? Na ni kweli hupoozesha?

Unahitajika bila mjadala pale kibofu kimeathirika, udhaifu unaongezeka, au ugwe mgongo unabanwa. Nje ya hapo ni uamuzi wa mgonjwa aliyeelezwa vizuri. Uholanzi walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2007, kwa watu waliokuwa na sayatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipasuliwa mapema, nusu waliendelea kusubiri na kupasuliwa tu ikilazimu. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, na zaidi ya nusu ya waliosubiri hawakupasuliwa kabisa. Kwa hiyo swali kwa wengi ni kama wanaweza kuvumilia miezi hiyo, na maisha yao yanawaruhusu kusubiri.

Kuondoa kipande cha diski hutibu mguu vizuri kuliko kiuno. Kufungua mfereji uliosinyaa huwasaidia wengi kutembea mbali zaidi. Kuunga pingili kwa skrubu kuna sababu zake, kama vile mfupa uliovunjika au unaoyumba, lakini kwa kiuno kinachouma tu na diski iliyochakaa matokeo yake hayajaonyesha kuwa bora waziwazi kuliko mazoezi ya kina.

Kupooza kunatokea, ila ni nadra, na kwa kiuno ni nadra zaidi kwa kuwa ugwe mgongo umeishia juu ya eneo hilo. Hatari za kawaida zaidi ni maambukizi ya kidonda, kuchanika kwa utando wa neva, damu kuganda mguuni, na diski ileile kutoka tena. Mwulize mpasuaji ni wagonjwa wangapi wa aina yako amewafanyia, na atafanya nini kama maumivu hayataondoka.

Godoro gumu na mkanda wa kiuno?

Godoro la ugumu wa wastani lilishinda lile gumu kwenye utafiti wa mwaka 2003. Mkanda haujaonyesha kuzuia maumivu kwa wanaobeba mizigo. Sigara, kwa upande mwingine, inahusishwa na maumivu ya mgongo, na huchelewesha mifupa iliyoungwa kushikana.

Nimepasuliwa, maumivu ya mguu yameisha lakini ganzi ipo. Upasuaji umeshindwa?

Si lazima. Maumivu huondoka kwanza, mara nyingine siku hiyohiyo. Nguvu hufuata kwa wiki au miezi. Ganzi huwa ya mwisho, kwa sababu nyuzi za neva zilizokatika hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu ni mbali. Baadhi ya watu hubaki na kiraka kidogo cha ganzi maisha yao yote bila madhara. Udhaifu mpya, homa, kidonda kinachotoa maji, au mkojo kugoma baada ya kutoka hospitali ndivyo vinavyotakiwa kukurudisha kwa mpasuaji bila kungoja siku ya miadi.